Mashine Iliyomtukana Mama Mkwe

Muhuru Bay nzima ilikuwa imeshaamua kesi kabla Sajini Mellen Maroa hajashuka kwenye gari. Wanawake waliokuwa wakianika omena, wale dagaa wa ziwa, walimwelekeza njia kwa midomo, na kila aliyemwelekeza alimwongezea hukumu bure, kama mchuuzi anavyoongeza nyanya moja juu ya fungu. Ni Dorine. Nani mwingine?

"Afande, usijichokeshe," mmoja alimwambia, mikono imejaa magamba. "Alisema mbele ya watu hiyo machine ataitupa kwa ziwa. Sasa iko kwa ziwa. Unatafuta nini tena?"

"Natafuta aliyeitupa, mama."

"Si nimekwambia? Lisemwalo lipo."

Mellen alishukuru, akaendelea kutembea. Kazi ya upelelezi ilikuwa imemfundisha kwamba mji ukikubaliana haraka hivyo, kuna kitu ambacho hakuna aliyejisumbua kukitazama. Lakini bosi wake kule Migori hakuwa na muda wa falsafa hizo. Alikuwa amemwambia waziwazi: mlalamishi ni mume mwenyewe, mshukiwa ni mke, kitisho kilisikika na soko zima. Nenda, piga picha, rudi, kesho asubuhi mama huyo afikishwe kortini. Na mama huyo, Dorine, alikuwa seli tangu jana jioni, mtoto wake Valary ameachwa kwa jirani akilia titi.

Mashine yenyewe ilikuwa imevutwa kutoka majini na kulazwa kwenye mchanga. Mellen aliizunguka. Mwili wa mtungi wa plastiki, magurudumu ya wilbaro, jicho moja la kamera, spika iliyong'olewa kwenye redio ya zamani. Hivyo hivyo ilivyo, picha zake zilikuwa zimeonyeshwa kwenye televisheni mwezi uliopita, na vijana wa Nairobi wanaolala na kompyuta walikuwa wameisifu mitandaoni kuliko simu mpya za ng'ambo. Wanawake waliiita Min Omena, mama wa omena. Ilikuwa ikizunguka katikati ya nyavu zilizoanikwa samaki, na ikiona ndege, mbuzi, au mtu asiyevaa aproni ya njano ya kikundi chao, inapayuka kwa sauti ya mwanamke: "Yawa! Mwizi wewe! Toka kwa samaki ya wenyewe!"

Na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Sauti ile haikuwa ya Dorine, mke wa fundi. Ilikuwa ya Lynnet, mmoja wa wanawake wa kikundi.

Mellen alichuchumaa. Mtungi ulikuwa umepondwa kwa jiwe, jicho limepasuka. Lakini kifuniko cha mgongoni hakikuwa na alama hata moja. Kilikuwa kimefunguliwa. Ndani, nyaya zilikuwa zimechomolewa moja moja, hakuna iliyokatwa, na pale ilipokaa bodi ndogo ambayo kila mtu aliiita ubongo, palikuwa patupu.

"Skurubu za kifuniko ziko wapi?" aliuliza.

Hakuna aliyejua. Alizikuta mwenyewe ndani ya kibanda cha kazi cha Byron, fundi mwenyewe na mume wa Dorine, hatua chache kutoka ufukweni, ambamo mashine ililazwa kila Jumapili watu wakienda kanisani. Zilikuwa zimepangwa ndani ya kifuniko cha mkebe, juu ya dirisha, ambapo upepo hauwezi kuziangusha.

Mellen alizitazama kwa muda. Yeye mwenyewe aliwahi kumvunjia mume wake simu, miaka hiyo, na anakumbuka vizuri kwamba hakutafuta bisibisi. Mwenye hasira hahifadhi skurubu. Aliyefanya kazi hii alikuja kuchukua ubongo, akaufungua kwa mkono wa fundi aliyezoea, kisha akaponda mtungi na kuutupa majini ili watu waone hasira. Na Muhuru Bay ikaiona hasira.

*

Lynnet alikuwa kwenye nyavu zake, mwanamke mrefu mwenye kifua cha kuitia mashua iliyoko kisiwa cha Remba.

"Mimi ndiye nimepoteza zaidi," alisema kabla ya kuulizwa. "Sauti ni yangu. Lakini watu wa TV walipokuja, nani alihojiwa? Byron. Injinia wa ziwa! Mimi niliongea nusu saa, wakanikata. Hata jina hawakutaja."

"Kwa hivyo ulikasirika."

"Nilikasirika sana! Weka kwa maandishi yako. Lakini ukitupa machine ziwani, si umetupa na sauti yako? Mimi si mjinga, afande."

"Na Dorine?"

Lynnet alicheka, kisha kicheko kikaishia njiani. "Mama Valary alinichukia, ni haki yake. Sio sauti peke yake. Ni ile siku ya mama yake."

"Siku gani?"

Lynnet alitazama huku na huku. Hata mwanamke wa mdomo mpana kama yeye alipunguza sauti. Mama yake Dorine, Phelesia, alikuwa amekuja kutoka Kosele kumwona binti yake kwa heshima zote, na wanawake wenzake, na vikapu vichwani. Mama mkwe hatembei ovyo kwa mkwewe. Akija, ni siku. Walipokata njia ya ufukweni, Min Omena ikawaona. Hawakuwa na aproni. Ikamfuata Phelesia mwenyewe, ikamsimamia mbele, ikampayukia kwa sauti ya Lynnet: mwizi wewe, toka kwa samaki ya wenyewe.

"Uuuwi!" Mellen alisema. Yeye ni Mkuria, lakini ukwe ni ukwe.

"Mbele ya wageni wake! Vikapu vikarudi Kosele kama vilivyokuja. Byron alijificha kama mtu ameua. Alifungia machine ndani wiki nzima. Ilipotoka tena, Dorine ndio akasema hayo maneno ya kuitupa." Alishika omena kiganjani, akazimwaga tena. "Kila mtu alikuwa na wivu na hiyo kitu, afande. Mke wake, mimi, hata huyo rafiki yake wa Homa Bay, Cephas, wa video za simu na vidude. Hao walianza hiyo kazi pamoja. TV ikasema Cephas ni msaidizi. Msaidizi! Siku hiyo aliondoka bila kula samaki, na sijamwona hapa tena."

*

Byron alikuwa ameketi kibandani kati ya redio zilizokufa na simu zilizofunguliwa matumbo. Kijana mwembamba, fulana imeandikwa jina la kompyuta fulani. Alikuwa anaomboleza, hilo lilionekana. Alikuwa anaomboleza bodi.

"Ilikuwa na picha elfu na elfu za ndege ndani, afande. Okok akiwa amesimama, okok akiruka, korongo, mwewe. Niliifundisha miezi. Kesho ndio maonyesho Homa Bay, na mimi sina kitu."

"Mke unaye. Yuko seli."

Byron aliinamisha kichwa. "Alisema mbele ya watu."

"Kusema na kutenda ni mtu na binamu yake. Dorine anajua kutumia bisibisi?"

"Dorine?" Alifikiri. "Hapana. Hata betri ya rimoti huniita."

"Basi nani alipanga skurubu zako vizuri hivi? Wewe?"

Alizitazama kwenye kifuniko cha mkebe, akakunja uso. Yeye huziacha mezani, alisema, ndiyo maana zinapotea. Mellen alimwacha aendelee kukunja uso. Watu wengine, ukiwapa jibu wanalikataa. Ukiwapa nafasi wanalifikia.

"Kwa nini hukuweka sauti ya mke wako mle ndani?"

"Dorine ana sauti ndogo," Byron alisema, bila ubaya wowote, kama mtu anayesoma kipimo. "Ndege hawangeshtuka."

Mungu wangu, alifikiri Mellen. Miezi yote ya kuifundisha mashine kuona, na mwenyewe haoni.

"Na baada ya ile aibu ya mama mkwe. Uliifungia wiki nzima. Uliifanya nini?"

Masikio ya Byron yaliiva. "Niliifundisha adabu."

"Adabu gani?"

"Ya ukwe, afande. Nilitoa picha za mama kwenye simu ya Dorine. Sikutaka irudie tena." Alisita. "Sikumwambia Dorine. Nilitaka aone mwenyewe mama akija. Lakini mama hajarudi."

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Ni mambo ya kuambia mtu hayo?"

"Hata Cephas?"

"Cephas tuligombana ile siku ya TV. Hii ni baada." Kisha, kwa mara ya kwanza, Byron aliinua macho. "Kwa nini unamtaja Cephas?"

Mellen alichukua kile kifuniko cha mkebe. Alizimimina skurubu ndani ya bahasha ya ushahidi, akamwomba atie sahihi.

*

Kituoni Migori, Dorine alitolewa seli akiwa amevaa leso moja juu ya nyingine, kifua kimelowa maziwa. Aliketi, akamtazama sajini bila kuomba kitu.

"Nilikuwa na wivu," alisema. "Na bado ninao. Andika. Kila asubuhi naamka, sauti ya mwanamke mwingine iko nje ya nyumba yangu inapiga kelele kama ndiyo mwenye boma. Halafu ikamtukana mama yangu. Mama yangu! Ungekuwa wewe, madam?"

"Ningeongea vibaya zaidi. Jumapili ulitoka kanisani katikati ya ibada. Ulienda wapi?"

Dorine alivuta ncha ya leso.

"Dorine. Kesho ni korti. Ulienda wapi?"

"Nyuma ya kibanda."

"Kufanya nini?"

Dorine aliuma mdomo. Ajabu ni kwamba mwanamke huyu, ambaye hakuona haya kukiri wivu, sasa alikuwa akiona haya kweli kweli. Mwishowe alisema simu yake iko kwa afande wa mapokezi, waangalie rekodi za sauti. Halafu akajifunika uso kwa leso.

Mellen aliileta simu, akabonyeza rekodi ya kwanza. Ilikohoa. Kisha sauti nyembamba: "Toka... toka kwa samaki." Ya pili ilikuwa na nguvu kidogo. Ya tatu ilianza kwa Kiswahili ikaishia Kijaluo. Ya nne ilikuwa hivi: "AA KANYO! MWIZI WEWE!" Konstebo wa mlangoni aliruka, kofia ikaanguka. Mahabusu mmoja seli ya pili aliuliza kuna nini.

"Byron alisema una sauti ndogo," Mellen alisema.

"Byron hajawahi kunikosea hadi nipige kelele." Alishusha leso. "Nilitaka kumwambia aweke yangu. Nilikuwa najaribu pale nyuma watu wakiwa kanisani. Nilipozunguka mbele kibanda kilikuwa wazi, machine haiko. Nikaogopa. Nilijua watasema ni mimi."

Mtu anayepanga kuua ng'ombe hamkatii majani. Mwanamke huyu alikuwa akijifunza kusema ndani ya mashine, si kuiua. Mellen alirudia rekodi ya mwisho, ile ya nne, kwa sababu baada ya kelele kulikuwa na kitu kingine. Aliweka simu sikioni. Mawimbi. Mbwa. Halafu, mbali kidogo, sauti ya kike tamu ya kununuliwa dukani: *Karibu, bosi.* Na pikipiki ikawaka.

"Ni nani huyo anakaribisha bosi?"

Dorine alishtuka. "Hiyo ni alamu ya pikipiki. Ukiwasha inakusalimia. Alikuwa anajisifu nayo sana." Mdomo wake ulibaki wazi. "Ni ya Cephas. Sikusikia! Nilikuwa napiga kelele mimi."

Mellen alimpigia mwendesha mashtaka wa Migori, wakasalimiana kirefu kama inavyopasa mtu akitaka kuomba. Faili ya Dorine kesho ikae chini kabisa ya nyingine. Hadi saa ngapi? Hadi nikupigie. Mwendesha mashtaka alilalamika, akasema korti ikifika mwisho wa orodha yeye hana la kufanya. Basi muda wa Dorine ulikuwa ndio huo.

*

Ofisi ya Inspekta Nyamweya kule Homa Bay ilimkera Mellen kila alipoingia. Nyamweya alikuwa na mashine ya kusoma simu iliyofungwa. Alikuwa na droni ndani ya sanduku lenye sponji. Alikuwa na kiti kinachozunguka. Mellen, kule Migori, alikuwa na printa inayokula karatasi na konstebo wa kuipiga makofi.

"Hii ni mpya?" aliuliza, akigusa kitu cheusi mezani.

"Inanukuu mahojiano yenyewe. Unaongea, inaandika. Kijaluo, Kiswahili, Ekegusii."

"Kikuria?"

"Bado."

"Nilijua tu," Mellen alisema kwa uchungu, akaketi kwenye kiti kisichozunguka.

Nyamweya, kwa sifa zake zote, alikuwa mwaminifu kazini. Alifungua chaneli ya Cephas kwenye skrini. Video ya wiki iliyopita: Cephas, ndevu zimechongwa, anaonyesha mashine yake mwenyewe, mwili umechapishwa kwa mashine ya plastiki, laini kama sahani mpya. Inapita karibu na mfuko wa plastiki uliopeperuka, inaupigia kelele. Okok halisi anatua nyuma yake, anakula omena, anaondoka. Maoni chini yalikuwa ya kikatili. *Askari wa mifuko. Rudi ukamsaidie Byron.* Video ya jana jioni: mashine ile ile, lakini sasa haikosei ndege hata mmoja.

"Amejifunza haraka," Nyamweya alisema.

"Jumapili moja tu. Tatizo ni kwamba atasema aliiandika mwenyewe, na pikipiki alikuja kusalimia. Bodi zinafanana zote. Nitaapa vipi kortini kwamba hii ni ya Byron?"

"Niiletee hapa, mashine yangu iisome."

"Wiki ngapi?"

"Mbili. Tatu."

"Mimi nina asubuhi moja," Mellen alisema, akasimama. "Nikopeshe gari. Naenda Kosele."

Phelesia alikuwa kwenye meza yake ya njugu sokoni, mama wa kimo kifupi na shingo isiyoinama. Alimsikiliza Mellen hadi mwisho, akipima njugu za mteja bila kumwaga hata moja.

"Mtoto wangu yuko seli," alisema. "Mjukuu wangu ananyweshwa uji. Na wewe umekuja kuniambia nikaangalie machine? Ile ilinitosha, nyathina, mwanangu."

"Mama, sitaki uiangalie wewe. Nataka ikuangalie yenyewe."

Phelesia alifunga mfuko wa njugu, akamwita jirani alinde meza, akachukua kitambaa chake cha kichwani cha Jumapili.

*

Asubuhi ya maonyesho ukumbi ulikuwa umejaa. Mkoba unaochaji simu ukitembea, miwani inayomsomea kipofu maandishi, jiko linalotuma ujumbe maharagwe yakiiva; vijana walizunguka wakipiga picha kila kitu, hata waya. Jukwaani Cephas alikuwa ametandaza wavu wa omena halisi, na katikati yake mashine nyeupe aliyoiita Askari wa Ziwa. Byron alikuwa amesimama nyuma kabisa, mahali Mellen alipomwambia asimame, akiitazama ile nyeupe kama mtu anayemwona mkewe amevaa koti la mwanamume mwingine.

"Kila mstari nimeandika mimi," Cephas aliuambia ukumbi. "Kila picha nimepiga mimi. Nani anataka kuiba omena? Njoo, jaribu!"

Watu walicheka. Msichana mmoja alisogea, mashine ikamgeukia: "Wewe! Toka kwa samaki ya wenyewe!" Sauti ilikuwa ya Cephas sasa. Ukumbi ulipiga makofi. Nyamweya alisogea na suti yake, akatukanwa vilevile. Mellen alisogea, akatukanwa, akarudi akitabasamu.

"Nzuri sana, bwana Cephas. Ulienda Muhuru Bay lini mara ya mwisho?"

"Miezi. Ni nani anauliza?"

"Jumapili je?"

"Jumapili sikutoka Homa Bay." Aliona kitambulisho cha polisi mkononi mwa Mellen, akamwangalia Byron kule nyuma, akaelewa, akatabasamu kwa watu. "Kama ni mambo ya Byron, poleni. Tulisoma pamoja, bodi zetu zinafanana. Shida ya Byron iko nyumbani kwake. Kila mtu anajua."

"Inawezekana," Mellen alisema. "Kuna mama mmoja tu bado anataka kujaribu."

Phelesia alitoka kwenye viti. Hakuharakisha. Alipanda jukwaa, kitambaa chake cha Jumapili kichwani, akasimama ukingoni mwa wavu na mikono yake nyuma, na wale waliokuwa karibu waliona kwamba ameshika vidole vyake kwa nguvu, maana mara ya mwisho alitukanwa mbele ya watu watano, na hapa walikuwa ukumbi mzima.

Mashine iligeuka. Jicho likamtafuta, likampata.

Ikanyamaza. Ikarudi nyuma polepole, gurudumu kwa gurudumu, hadi nje ya njia yake. Kisha ikageuza uso ukutani, ikatulia hivyo, kama mkwe yeyote mwenye malezi aliyekutana na mama mkwe wake njiani.

Hakuna aliyepiga makofi. Halafu bibi mmoja wa viti vya mbele akasema kwa sauti, "Ero! Inajua ukwe!" na ukumbi ukalipuka.

"Betri," Cephas alisema. "Ni betri imeshuka."

"Mama, shuka kidogo," Mellen alisema. "Inspekta, panda."

Nyamweya alipanda. "WEWE! TOKA KWA SAMAKI YA WENYEWE!" Alishuka. Phelesia alipanda tena, na mashine ikarudi nyuma, ikaelekeza uso ukutani. Mellen aliwarudisha tena, kwa zamu, hadi hata watoto wakaanza kutabiri.

"Betri inajua kuchagua," alisema. "Bwana Cephas, huyu mama unamjua?"

Cephas alimtazama Phelesia, na kwa bahati yake mbaya alisema kweli. "Sijawahi kumwona maishani."

"Kila mstari uliandika wewe. Kila picha ulipiga wewe. Hujawahi kumwona, lakini mashine yako inampisha njia. Nani aliifundisha?"

Cephas alifungua mdomo. Alimtazama Phelesia, akaitazama mashine iliyokuwa bado inatazama ukuta, na alipopiga hesabu ya mama huyo ni nani na ni mama mkwe wa nani, mabega yalimshuka. Alikuwa amebadilisha magurudumu, rangi, jina na sauti. Mle ndani ambamo mashine huamua, hakuelewa kitu, kwa hivyo hakugusa.

"Kamera ya kwanza nilimnunulia mimi!" alipasuka, na sasa hakuwa anaongea na polisi, alikuwa anampigia kelele Byron juu ya vichwa vya watu. "Mimi! Mashine ya kwanza tulitengenezea chumbani kwangu! Halafu TV wakaja, ukasema jina langu? Walinipa taa niwashikilie, Byron! Nikakumulika wewe! Msaidizi! Hata sasa watu wananiambia nirudi nikakusaidie!"

"Ungeniambia," Byron alisema.

"Ungesikia?"

Byron aliitazama mashine. Nyamweya alimshika Cephas mkono bila pingu. Chini, walipomtoa, pikipiki yake ilikuwa imeegeshwa mlangoni, na konstebo alipojaribu ufunguo ili waipeleke kituoni, ilimwita bosi, ikamkaribisha.

Mellen alitoka nje kupiga simu. Mwendesha mashtaka alisema walikuwa wamebakisha faili mbili tu. Alisikia karatasi, akasikia mlango, akasikia mtu akiita jina la Dorine, si kumshtaki bali kumwachilia, na akashukuru kimya kimya.

Aliporudi ukumbini watu walikuwa wametawanyika kwenye vidude vingine. Phelesia alikuwa amekaa jukwaani kwenye kiti alichopewa. Hatua kadhaa kutoka kwake alisimama Byron, na kwa kuwa mkwe hamtazami mama mkwe usoni, alikuwa amegeukia ukuta. Mashine ilikuwa kando yake, imegeukia ukuta uleule.

"Wamemwachilia, mama," Mellen alisema. "Gari liko tayari. Tunapitia Migori kumchukua."

Phelesia alifumba macho kidogo. Halafu akasimama, akafunga kitambaa upya. Hakumgeukia Byron, maana naye alikuwa na adabu zake. Alimgeukia Mellen.

"Afande, naomba umwambie huyo kijana kitu."

Byron alikuwa karibu vya kutosha kusikia kila neno. "Nitamwambia, mama."

"Mwambie machine yake imenikumbuka. Imekumbuka mimi ni mama ya nani." Alichukua mkoba wake. "Yeye ndiye alisahau."

Alitangulia kwenda kwenye gari. Byron aligeuka kutoka ukutani, macho mekundu, akauliza kama kuna nafasi. Nafasi ilikuwepo, kiti cha nyuma, kando ya mama mkwe wake. Alifika hadi mlangoni, akaona ni wapi angeketi, akarudi nyuma polepole hadi nje ya njia, na gari likaondoka kwenda kumchukua Dorine bila yeye.